Mkwe wa Chuma

Wanawake walianza kufika saa tatu asubuhi, wamejitanda leso za msiba, Chamsia mbele yao na mkeka kichwani. Zalia alikuwa ameketi kizingitini akichagua mchele kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa ndani ya plasta kwa wiki ya tatu sasa. Kabla hajauliza kulikoni, alishtukia amekumbatiwa na sinia limeanguka.

"Mungu akupe subira, dada yangu," Chamsia akamlilia begani.

"Subira ya nini?"

"Lia tu. Usijikaze."

"Chamsia, nimlilie nani?"

Chamsia akajitenga, akamtazama kwa huruma iliyochanganyika na furaha ndogo ya mtu aliyetangulia kupata habari. "Kumbe hujaambiwa! Maiti imepanda mashua bandarini Ankify pamoja na Hayrat wako. Mashua nzima imeiona. Ndefu, imefungwa sanda nyeupe, imelazwa juu ya benchi, na mtoto kaishika kichwa njia nzima. Nahodha hakumtoza hata nauli."

Zalia akawahesabu watu wake upesi. Mumewe Soulé alikuwa nyuma ya nyumba, shoka lake lilisikika. Mama mkwe wake, Koko Koulsoum, alikuwa chumbani akilaumu chai kwa kukosa sukari. Binti yao wa pekee ndiye aliyekuwa anakuja na hiyo maiti. Hesabu iliisha hapo. Nyumba hii ya Ambanoro haikuwa na mtu mwingine wa kufa.

"Labda ni mume," mwanamke mmoja akanong'ona. "Kaolewa kwa siri huko Mahajanga, na sasa ni mjane."

Wazo hilo liliwapendeza sana. Walikuwa bado wanalitafuna wakati bajaji kutoka mjini Hell-Ville ilipoingia uani, dereva amezima muziki kwa heshima, na sanda imechomoza huku na huku. Hayrat alishuka, vumbi hadi kwenye nyusi. Wanaume wanne wakajitokeza bila kuitwa, wakaichukua maiti mabegani, wakaanza kukariri kwa sauti ya chini. Walikwenda hatua sita. Ndani ya sanda kitu kikalia *kwiii*, na upande mmoja wa marehemu ukajikunja taratibu kama anayetaka kuketi.

Wanaume walitawanyika. Mmoja wao alionekana tena Ijumaa.

"Kiwiko hicho! Kiwiko!" Hayrat alipiga kelele akikidaka kabla hakijafika chini. "Mnajua nimekihangaikia miezi mingapi?"

Koko Koulsoum alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Hakumtazama mjukuu wala wanawake waliokuwa wakikunja mkeka kwa hasira ya kunyimwa msiba. Alitazama sanda.

"Shuka langu hilo," akasema. "Nilikupa ulalie chuoni, si umvishe gari bovu."

*

Halikuwa gari bovu, ingawa mota zake nne zilitoka kwenye wipa za magari yaliyokufa, na mifupa yake ilikuwa fremu za madirisha ya aluminiamu. Ulikuwa mkono wa roboti, mrefu kuliko mtu, wenye kiganja cha vidole vitatu. Ndio uliokuwa mradi wa diploma wa Hayrat katika chuo cha ufundi Mahajanga, na asubuhi ile ndio uliokuwa tumaini pekee la nyumba.

Zalia alikuwa mkenekaji. Kwa miaka kumi na tisa maua ya mlangilangi ya shamba la kampuni yalipitia mkononi mwake. Yalichumwa tangu alfajiri, yakamiminwa ndani ya mtungi mkubwa wa shaba, na yeye akauchunga moto chini ya mtungi mpaka mvuke utoe mafuta. Mkono wake wa kulia ulishika bamba la chuma mbele ya jiko, kuupa moto pumzi au kuunyima. Mkono huo huo ulishika bomba la maji baridi yaliyoingia kwenye pipa ambamo mrija wa mvuke ulijiviringisha na kupoa. Basi, kazi yote ni hiyo, na hakuna kitabu kinachoifundisha. Wiki tatu zilizopita aliteleza kwenye jiwe la pipa, kifundo kikavunjika pabaya. Daktari alimwambia hatashika kitu kizito tena mkono ule.

Aliyeshika mtambo ndiye aliyekaa nyumba ya mtambo. Djaffar, msimamizi wa kampuni, alikuja na pole, na papaya mbili, na barua. Mtu mwingine alikuwa ameshaahidiwa. Soulé alimsihi mpaka aibu ikawashika wote wawili, ndipo Djaffar akasema: mikeneko mitatu. Ikiwa katika mitatu hiyo mmoja tu utatoa mafuta ya ekstra, yale mazito ya daraja la juu, Zalia abaki, hata kama atatumia mguu.

"Hatatumia mguu," Hayrat alisema kwenye simu kutoka Mahajanga. "Nakuja na mkono."

Sasa alikuwa akiufunga mbele ya jiko, bisibisi mdomoni, huku nusu ya kijiji ikitazama. Nyumbani kwao waliongea Kisakalava, wakagombana kwa Kingazidja, na vyuma wakaviita kwa Kifaransa. Siku ile zote tatu zilitumika pamoja.

"Na nani atauambia la kufanya?" Soulé akauliza.

"Hauambiwi, Baba. Mashine nyingine unaziandikia amri: fanya hivi, kisha hivi. Huu nimeupa macho na kumbukumbu tu. Mama, unakumbuka bangili?"

Zalia aliikumbuka. Mwezi wa Ramadhani uliopita Hayrat alikuja likizo, akamvisha bangili nyeusi yenye taa ndogo, akafunga na vipimajoto kwenye mtungi. Zalia aliivaa siku ishirini na nane akiwa kazini, akaizoea, akaisahau.

"Bangili iliandika kila ulichofanya kwa mkono wako," Hayrat akasema, macho yakimeta. "Moto ulikuwaje, saa ngapi, ukafanya nini. Kila kitu. Mashine imesoma yote, imejifunza kuiga. Sikuifundisha mimi. Umeifundisha wewe."

"Kila kitu?" Zalia akauliza.

"Kila kitu."

Zalia hakujua kwa nini neno hilo lilimkaa vibaya. Alipiga bismillahi, akaangalia pembeni.

"Ishirini na nne huyu," Koko akasema akimwelekezea mjukuu fimbo. "Wenzake wameleta waume, wengine wameleta hata wake wenza. Yeye kaleta huyu. Haya, karibu mkwe. Una mahari?"

Kuanzia hapo mkono ukaitwa Mkwe, na jina halikuondoka tena.

*

Djaffar alifika saa nne, wakati maua ya mwisho yanamiminwa. Alikuwa mtu nadhifu wa miaka hamsini, viatu vyeupe, na kipimo cha kioo, ambacho huelea juu mafuta yakiwa mazito, ndani ya mfuko wa shati kama kalamu. Alimwamkia Koko kwa "Kwezi" ya adabu, akainamisha kichwa, maana utotoni aliisoma Kurani mbele ya fimbo ile ile, na mgongo wake ulikuwa bado unaikumbuka.

"Mbona," Koko akaitikia salamu hiyo kwa Kingazidja. "Umenenepa."

Soulé aliwasha kuni. Hayrat akabonyeza kitufe. Mkwe akatetemeka, akalia *kwiii*, akanyoosha kidole kimoja, akagusa bamba.

Mungu wangu! Alilisogeza bamba nusu shubiri, akasubiri, akalirudisha kidogo. Moto ukanguruma, kisha ukatulia kama paka aliyekunwa shingo. Akapeleka kiganja kwenye bomba, akalifungua tone kwa tone, kwa sababu mwezi wa kumi kijito kilikuwa kimekonda na maji hayachezewi. Akarudi kwenye bamba. Hata ule mtindo wa Zalia wa kuligonga mara mbili kabla ya kulivuta, ambao hakujua kama anao, Mkwe alikuwa nao.

"Mama Hayrat!" Soulé akapiga makofi. "Ni wewe mtupu! Amebakia kunigombeza tu!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Chamsia, aliyekuwa amekuja kununa, akasahau. Harufu ikaanza kupanda, ile harufu ya langilangi inayomfanya hata mtu mwenye deni ajione bwana harusi. Mwishoni mwa mrija mafuta ya kwanza yakadondoka, rangi ya asali changa. Zalia alisikia kicheko kikimpanda kutoka tumboni. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuuona mkono wake ukifanya kazi. Ulikuwa mkono mzuri!

Ilipofika saa sita kasoro dakika tano, Mkwe aliinuka kutoka kwenye bamba bila kuitwa na mtu. Akaenda bombani. Akalifungua kwa nguvu, akalifunga. Akalifungua tena, akalifunga. Akalifungua mara ya tatu, safari hii akaliacha wazi likimwaga. Akarudi kwenye jiko, akalisukuma bamba mpaka mwisho, moto ukabanwa ukafa pumzi. Kisha akajikunja kiwiko, akainama, akatulia.

Chamsia akakumbuka kununa.

Zalia alizitambua zile mara tatu. Alijua. Alijua kabla Hayrat hajafungua kompyuta yake, kabla Djaffar hajatazama saa yake. Mara ya kwanza ni mikono na uso. Ya pili ni mikono hadi viwikoni na kichwa. Ya tatu ni miguu, na baada ya miguu bomba linaachwa wazi, kwa kuwa hakupenda kamwe kulishika tena na masizi yake akiwa ameshatawadha. Halafu bamba linasukumwa kwa kisigino cha mkono, moto usije ukamchomea kazi akiwa kwenye mkeka nyuma ya banda.

Na ukutani, juu ya kichwa chake, kanuni ya kampuni ilikuwa imepigiliwa misumari minne: *Mkenekaji asiuache moto hata dakika moja.* Na ndani ya daftari la mtambo, kwa miaka kumi na tisa, kila siku, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Moto haukuachwa.*

"Imekufa?" Djaffar akauliza.

"Haijafa," Hayrat akasema, vidole vikikimbia. "Ngoja. Ngoja kidogo. Sijui... Mota zina umeme. Kila kitu ni salama, ila imeamua kusimama."

"Imeamua?"

Dakika kumi na moja zilipita. Mkwe akajikunjua, akafunga bomba, akaligonga bamba mara mbili, akalivuta. Moto ukarudi. Djaffar akaandika kitu kwenye daftari lake. Hayrat alikuwa mwekundu hadi masikioni.

Alasiri Mkwe akarudia yale yale, maji mara tatu, bamba, kiwiko, kimya. "Mvivu huyu," Djaffar akasema. "Umefanya kazi kubwa, binti yangu. Umetengeneza mfanyakazi wa serikali." Watu wakacheka. Hayrat akacheka pia, kile kicheko kinachouma meno, na Zalia akauona. Mdomo ulimfunguka kusema. Akaangalia ukutani. Akaufunga.

Jua lilipokuchwa ikawa balaa. Mkwe alisimama tena, na mara hii dakika kumi zikapita, ishirini, thelathini. Soulé alimpulizia. Chamsia alipendekeza amwagiwe mafuta ya taa. Dakika ya arobaini Mkwe akajikunjua kwa utulivu mkubwa, *kwiii*, akaendelea na kazi kama mtu aliyeshiba.

"Mkeneko uliosimama hauhesabiwi," Djaffar akasema akivaa kofia. "Wala sihitaji kupima. Kesho futa huo upuuzi. Imebaki miwili."

Mafuta ya kwanza ya siku ile Soulé aliyatia kwenye chupa, akaiweka juu ya rafu nyuma ya banda. Hakuwa na sababu. Hakuweza tu kuyamwaga.

*

Asubuhi Hayrat alitoka na macho mekundu na tabasamu pana.

"Nimezipata hitilafu zote, Mama. Zimejificha kwenye data ya bangili, zinajirudia kila siku. Mia moja na arobaini! Nimezifuta moja moja."

Siku ishirini na nane, mara tano. Zalia alipiga hesabu hiyo akajiona kama mtu aliyesikia kuwa kuna aliyepita mbinguni na kifutio.

"Zote?" akauliza.

"Zote. Leo hasimami hata Djaffar apige magoti."

Na kweli hakusimama. Saa sita kasoro dakika tano Mkwe alipita kama hajui. Watu walishangilia. Djaffar akakunja mikono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Zalia peke yake hakushangilia. Adhana ya Hell-Ville ilikuwa imeshasikika kwa mbali, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona mkono wake ukiidharau.

Kabla ya saa saba Soulé alitia kidole kwenye pipa, akakitoa kwa kasi. "Chai hii," akasema. "Inataka tangawizi tu."

Hayrat akafungua bomba zaidi kwa mkono wake, lakini kijito kilikuwa kimekonda na pipa limeshapata joto mpaka kwenye mbao. Mvuke ulianza kutoka mwishoni mwa mrija bila kuwa mafuta, ukapaa juu, ukaenda zake. Harufu ikabadilika. Haikuwa ya bwana harusi tena. Ilikuwa ya kitunguu kilichosahauliwa kikaangoni na nyumba nzima ikaona haya.

Djaffar alitia kipimo cha kioo ndani ya mafuta. Kikazama mpaka shingoni.

"Si ekstra," akasema. "Hata daraja la pili naona aibu kuliandika." Kisha akamwita bweni, yaani bibi, kwa heshima, maana hakuwa mtu katili. "Bweni Zalia, kesho ni wa mwisho. Kama mnataka, anzeni kufunga vyombo taratibu. Si lazima mtu afunge vyombo kwa haraka." Akavaa kofia, akaondoka.

Hayrat alikaa chini mbele ya jiko palepale, kwenye majivu, na suruali yake nzuri. "Sielewi," akawa anasema. "Nilifuta makosa tu. Nimefuta makosa, imekuwa mbaya zaidi. Mimi si mhandisi, Mama. Mimi fundi wa wipa."

Hapo ndipo lilipomshinda Zalia. Nyumba ni nyumba. Lakini mtoto aliyejua kuufanya mkono wa mama yake utembee peke yake, kukaa majivuni akijiita mjinga kwa ajili ya siri ya mama huyo huyo?

"Zirudishe," akasema.

"Nini?"

"Sala zangu. Mia na arobaini zote. Zirudishe kama zilivyokuwa."

Hayrat alimtazama. Akamtazama Mkwe. Midomo yake ikahesabu: moja, mbili, tatu, bamba. Macho yakamtoka.

"Mama! Ilikuwa inatawadha?"

"Polepole, watu wanasikia."

"Na jioni? Dakika arobaini?"

"Ulinivisha bangili Ramadhani, mwanangu. Nilikuwa nafuturu. Tende, uji, na mkate wa Chamsia kama umebaki."

Hayrat alilala chali majivuni na kuanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akainuka kwa hasira na machozi mashavuni. "Siku mbili! Siku mbili najitukana mbele ya watu, na wewe umekaa hapo unachagua mchele!"

"Mimi nilijua tangu adhuhuri ya kwanza," sauti ya Koko ikatoka ndani. "Nikasema, mwezi wa kumi huu, na maskini mkwe bado amefunga. Hakuna aliyemwambia kuwa Idi ilishapita."

"Koko! Mbona hukusema?"

"Kuna aliyeniuliza?"

*

Siku ya tatu Zalia alivaa salouva yake ya harusini, ile nyekundu, akafunga kitambaa kipya juu ya plasta. Kama ni kufukuzwa, atafukuzwa amependeza. Djaffar alikuja na mtu aliyeahidiwa mtambo, kijana mwenye mkoba, akamsimamisha pembeni kivulini.

Adhana ilipita. Dakika ishirini baadaye, kwa kuwa alijifunza saa za Machi na sasa ilikuwa Oktoba, Mkwe akainuka kwenda bombani. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu, wazi. Bamba. Kiwiko.

"Nilisema ifutwe!" Djaffar akang'aka. "Nilisema nini, binti?"

"Usimwulize yeye," Zalia akasema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyopanga. "Inaswali, Bwana Djaffar. Imejifunza kwangu. Mara tano kwa siku niliuacha moto, nikatawadha hapo, nikaswali nyuma ya banda, nikarudi. Si Ramadhani tu. Miaka yote kumi na tisa."

Djaffar alienda ukutani, akagusa kanuni kwa kidole kama anayethibitisha kuwa bado ipo. Kisha akalifungua daftari la mtambo.

"*Moto haukuachwa*," akasoma. Akageuza. "*Moto haukuachwa.*" Akageuza tena. "Bweni Zalia. Hizi ni kurasa elfu ngapi za uongo?"

"Nyingi," Zalia akasema. "Na mbele ya kila uongo umeandika namba wewe. Soma na namba."

Hakusoma. Kwa hiyo Koko akamsogelea, akampokonya daftari, akampa Hayrat. Hayrat akasoma kwa sauti namba za kipimo za mwezi mmoja, mwezi mwingine, mwaka mwingine. Ekstra. Ekstra. Ekstra. Kila moja na sahihi ya Djaffar, yenye mkia mrefu, sahihi ya mtu aliyepewa saa ya mkononi na kampuni kwa ubora wa mafuta ya Ambanoro. Aliivaa siku hiyo.

"Kila namba hapo ina sala ndani yake," Zalia akasema. "Siku pekee isiyo na sala ni jana. Jana umeinusa mwenyewe."

Soulé tayari alikuwa amekimbia nyuma ya banda. Alirudi na ile chupa ya siku ya kwanza, akaipangusa kwa shati. "Pima," akasema. "Hauhesabiwi, najua. Pima tu, kwa mapenzi ya Mungu na udaku."

Djaffar akatia kipimo. Kikazama kidogo, kikasita, kikapanda. Kikabaki kinaelea juu, wima, kama mtu aliyesimama kwenye safu ya mbele msikitini. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Akakitoa, akakipangusa, akatia tena. Kikapanda pale pale.

"Sijaiona hii msimu mzima," akasema kwa sauti ndogo.

"Ni maji," Hayrat akasema, maneno yakimtoka kwa kusukumana. "Kijito kikikonda tunabana bomba, pipa linapata moto, mvuke unapotea. Mama akienda kuswali anaacha bomba wazi na moto umebanwa. Pipa linapoa mpaka chini. Mara tano! Sikuweka kipimajoto kwenye pipa, sikudhani kama lina maana. Mashine haikujua kwa nini. Mama hakujua kwa nini. Lakini mkono ulifanya!"

Nyuma yake Mkwe akajikunjua, akafunga bomba, akaligonga bamba mara mbili. Kijana mwenye mkoba alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Djaffar alimtazama, akamtazama Koko, akatoa kalamu. Akarudi mbele ya ukuta.

"Kampuni haitakubali neno *sala*," akasema.

"Andika maji," Koko akamwambia. "Maji hayana dini."

Akaandika chini ya kanuni, kwa herufi nadhifu: *isipokuwa mara tano kwa siku, kwa ajili ya kupoza pipa.* Akaweka sahihi yenye mkia. Kisha akamgeukia kijana mwenye mkoba, akamwambia samahani, mashua ya Ankify inaondoka saa tisa.

Vigelegele vilisikika hadi barabarani.

"Na wewe, Djaffar," Koko akasema katikati ya kelele, kwa upole wa kutisha. "Chuma kimeswali. Wewe umeswali?"



*

Desemba, katika ukumbi wa chuo huko Mahajanga, Mkwe alisimama juu ya meza akiwa amevalishwa shuka la Koko shingoni, kwa sababu Koko alisema mkwe haendi mjini uchi. Walimu watatu wa mtihani walikuwa wameuliza maswali yao ya Kifaransa, na Hayrat alijibu yote, michoro ukutani, mistari ya moto ikipanda na kushuka. Mwisho mwenyekiti alivua miwani.

"Tungependa kumwuliza mwalimu wa mashine," akasema, akamgeukia Zalia aliyekaa na Soulé safu ya mbele kwa salouva nyekundu. "Vipumziko vinne vina dakika kumi na moja. Urefu huo uliupataje, Bibi?"

"Nasoma sura fupi," Zalia akasema.

Akaandika. "Na cha jioni, dakika arobaini? Hapa tumebishana sana. Mwenzangu anasema ni joto la jioni, mimi nasema ni unyevu wa hewa."

"Nilikuwa na njaa."

Ukumbi ulipasuka. Mwenyekiti alicheka mpaka miwani ikamwanguka, na katikati ya kicheko hicho simu ya Zalia ikaanza kuita ndani ya pochi, kwa sauti ya juu kabisa, maana hakuwahi kujua kuizima. Akaona jina: *Mama*. Akaipokea kwa haraka, akabonyeza pabaya, na sauti ya Koko Koulsoum ikajaa ukumbini.

Kule Ambanoro mtambo haukuwa umesimama. Mkwe alipohitajika Mahajanga kwa siku tatu, hapakuwa na mtu mwingine wa kushika bamba, na Koko alikata shauri kuwa aliyeandika kanuni ndiye aitekeleze. Djaffar alikuwa motoni tangu asubuhi, shati limekuwa jeusi, na Koko nyuma yake kwenye kiti na fimbo.

"Zalia! Adhuhuri imeingia. Kafunga bamba. Anatawadha!"

"Alhamdulillahi, Mama. Vizuri."

"Vizuri wapi? Kaanza na miguu!"

Walimu wa mtihani walikuwa wameinamia meza. Hayrat alijificha uso nyuma ya kiwiko cha chuma. Zalia peke yake hakucheka, maana kulikuwa na kilo mia tatu za maua ndani ya mtungi wake.

"Mama, na bomba je?"

Ikasikika fimbo ikigonga sakafu, hatua, kisha mbali kabisa, sauti ya maji.

"Kaliacha wazi," Koko akasema.

Zalia akaegemea kiti, akaunyoosha mkono wake uliovunjika juu ya paja.

"Basi mwache," akasema. "Miguu tutamrekebisha kesho."